Baharini Hakuna wa Kumtuma Darajani

Wenzangu kazini wakimaliza zamu hutizama tamthilia za Kituruki. Mimi natizama meli. Nikishaswali Isha, vyombo vimeoshwa na mwanangu ameshika vitabu vyake, najiunga bando na kutafuta zile filamu zinazoonyesha meli za kitalii kutoka ndani. Mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki nayapitisha. Nataka kule chini, kwenye mabomba, majiko, dobi na stoo. Stoo hasa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja natunza stoo ya hoteli moja Mji Mkongwe, Zanzibar, na kazi hii nilikabidhiwa pamoja na funguo na daftari, basi. Walionifundisha ni watu nisiowajua majina, wanaosukuma matoroli alfajiri bandarini Miami au Southampton.

Filamu ya kwanza niliyoitizama hadi mwisho ilikuwa ya siku ya kupokezana abiria. Meli inaingia gatini alfajiri. Asubuhi watu elfu kadhaa wanashuka na masanduku yao, mchana elfu kadhaa wengine wanapanda, na jioni kamba zimefunguliwa. Katikati ya saa hizo chache vyumba vyote vinatandikwa upya, na chakula cha wiki nzima kinaingizwa kupitia mlango ulio ubavuni mwa meli, karibu na maji. Kwenye mlango ule alisimama mtu mmoja na kipimajoto. Aliletewa samaki. Akafungua boksi, akachomeka sindano ya kipimo katikati ya minofu, akasubiri, akasoma, akatikisa kichwa. Hakugomba. Shehena ile ikageuzwa, ikarudi kwenye lori.

Kipande kile nilikirudisha nyuma mara tatu, maana wiki ileile nilikuwa nimepokea nguru ambao mkono wangu mwenyewe uliniambia wameshapata joto. Niliwapokea kwa muhali. Aliyewaleta ni mzee ninayemwamkia shikamoo, aliyeniletea samaki tangu siku yangu ya kwanza, na kumrudisha na ndoo zake mbele ya vijana niliona ni kumvunjia heshima. Jioni shefu akawatupa, hasara ikaandikwa stoo, na mimi nikaanza kumsema mzee wa watu pembeni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Nikanunua kipimajoto kwa pesa yangu. Siku nilipomchomekea samaki wake mara ya kwanza, mzee alikunja uso. Nikamwambia, "Baba, njoo tusome pamoja." Tukainama wawili juu ya ndoo. Nyuzi 11, na mpaka wetu ni 5. Hakusema neno, akabeba ndoo zake akaondoka. Nilidhani nimempoteza. Kesho yake alirudi na barafu mara mbili ya ile ya kawaida, na tangu hapo yeye ndiye anayeniuliza, "Leo imesema ngapi, mwanangu?"

Lakini kilichonifanya nizame kabisa kwenye mambo haya ni usiku wa gesi. Tulikuwa na harusi ya watu 120, chakula saa mbili. Saa moja na dakika ishirini mioto ya jikoni ikapungua, ikawa na rangi ya samawati hafifu, ikazima. Shefu akaniita. Nikamjibu bila wasiwasi kwamba mtungi wa akiba upo. Kwenye daftari ulikuwapo: kilo 38, mmoja, umejaa. Kijana akaenda kuufuata, akauyumbisha kwa mkono mmoja, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Kuna mtu alirudisha mtungi mtupu akauweka kwenye safu ya iliyojaa. Mimi nilikuwa nimehesabu mitungi, sikuhesabu gesi.

Tukamtuma dereva. Maduka ya karibu yamefungwa, akazunguka mji mzima, na wageni wakala saa tatu na nusu. Mama wa bibi harusi alikuja jikoni mwenyewe. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Hivi nyinyi hamkujua kama sisi tunakuja?" Nilikosa jibu, na hadi leo sina.

Nilipolala usiku ule nikakumbuka neno moja linalosemwa hotelini kwetu mara ishirini kwa siku: tutatuma mtu. Vitunguu vimekwisha, mtume mtu sokoni Darajani. Ndimu zimeharibika, mtume mtu. Mtu huyo yupo daima, ana baiskeli au vespa, na kwa sababu yupo hakuna anayehesabu. Meli haina mtu huyo. Kamba zikishafunguliwa, ambacho hukukitia hukuwa nacho, na hakuna wa kumtuma. Kubwa kuliko zote nilizoziona kwenye filamu ni Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024: urefu wake mita 365, inachukua abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ni karibu midomo elfu kumi inayotaka chai asubuhi, katikati ya bahari, na aliyeihesabia sukari alimaliza hesabu yake siku nyingi kabla.

Basi nikaanza kujifanya niko melini. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri najiambia kwamba kesho kamba zinafunguliwa, na kwamba hadi Alkhamisi ijayo hakuna Darajani. Mitungi ya gesi nimeitenga kwa mnyororo: iliyojaa upande wa ukutani, mitupu upande wa mlango, na kila mtupu umefungwa kitambaa chekundu shingoni. Hata hivyo siamini kitambaa, nauinamisha kila mmoja kwa mikono yangu nisikie uzito wake. Trei za mayai zinaandikwa tarehe kwa kalamu nene pembeni, siku ileile zinapoingia. Kwenye friza kipya kinakwenda nyuma, cha zamani kinavutwa mbele, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Haya yanaonekana madogo. Lakini mtu aliyechoka, ameletewa maboksi kumi ya kuku saa tano mchana, mkono wake unataka kuyasukuma mbele na kufunga mlango. Ile kazi ya kutoa yote, kupanga upya na kuingiza tena huku vidole vimekufa ganzi ndiyo kazi yenyewe ya stoo.

Nilichelewa kutambua kwamba mambo haya nilishaambiwa zamani, kwetu Wete, Pemba, nikiwa mtoto. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa jahazi. Walikwenda Mombasa, Lamu, na kule midomo ya Rufiji kufuata boriti. Jiko lake lilikuwa sanduku la mbao lililojaa mchanga, na juu yake mafiga, ili moto usiguse chombo. Alipenda kutusimulia hesabu zake na sisi tulipenda zaidi hadithi za papa. Kibaba kimoja cha mchele kwa mtu kwa siku. Safari ya siku tano, chukua ya siku nane, kwa sababu upepo haujaandikiana na mtu. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye pipa, na kata ya kuchotea aliishika yeye, wala nahodha mwenyewe hakuchota bila kumwambia. Nilipomwona msimamizi wa stoo ya meli kubwa akieleza kwa Kiingereza kwamba huongeza akiba ya siku kadhaa, kwani dhoruba inaweza kufunga bandari, nilikaa kitako kitandani. Ilikuwa hesabu ya babu, imeandikwa kwenye kompyuta. Babu amefariki tangu 1998, na sikuwahi kumwuliza alifanyaje siku kata ilipogusa chini ya pipa.

Mwanangu naye amenasa, ila kwa upande wake. Yeye anataka injini. Ndiye aliyenieleza kwamba meli nyingi za kitalii za siku hizi hazina usukani kama tuujuao: rafadha, yale mapanga yanayoisukuma meli, zimefungwa kwenye chombo kinachoitwa azipodi, mota yake ya umeme imo ndani ya maji, na chombo chote kinazunguka nyuzi 360, hivyo meli inaweza kwenda ubavu ubavu hadi gatini. Ya kwanza ya kitalii kufungwa mtambo huo ilikuwa Elation, 1998. Anayasema haya kwa mkono, kiganja kimoja meli, kidole cha mkono wa pili rafadha, na chakula chake kinapoa.

Mimi kilichonigusa ni maji. Meli inajitengenezea maji yasiyo na chumvi kutoka baharini. Mengine yanachujwa kwa kusukumwa kwenye utando mwembamba kwa nguvu nyingi, mengine yanavukizwa kwa joto la injini ambalo vinginevyo lingepotea bure. Sisi wa mtaani kwetu tunaoamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linakoroma, na madumu yamepangwa ukumbini, tunaelewa vizuri maana ya joto lisilopotea bure. Na takataka pia. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza plastiki kutupwa baharini popote pale, kwa hiyo kuna watu kule chini wanaosimama zamu nzima wakichambua kwa mikono: chupa huku, makopo kule, mabaki ya chakula kwenye kinu cha kusagia. Nimewaonyesha vijana wa jikoni kwetu kipande kile. Wawili wamebadilika, wengine bado.

Jambo moja kwenye filamu hizi silitizami nikiwa nimelala. Ni zoezi la dharura. King'ora kinapiga milio saba mifupi na mmoja mrefu, abiria wanaelekezwa kwenye vituo vyao, wanaonyeshwa jaketi la kujiokolea linavyofungwa. Wengine wanapiga picha, wengine wananung'unika kwamba wanacheleweshwa. Kabla ya 2012 meli ingeweza kuondoka kwanza na zoezi likafanywa baadaye, ndani ya siku moja. Kisha Januari mwaka huo Costa Concordia ikapasuka kwenye mwamba huko Italia, wakafa watu 32, na miongoni mwa waliokuwamo kulikuwa na mamia waliopanda siku ileile ambao zoezi lilikuwa halijawafikia. Sharti likabadilishwa: zoezi lifanywe kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka.

Mtu wa Pemba hawezi kuyaona hayo bila kukumbuka ya kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Mtaani kwetu Wete khitma zilifuatana, nyumba hadi nyumba. Nilisoma skuli na mmoja wao. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilipopanda boti nilifunga macho, nikashika tasbihi, nikangoja tufike. Niliona huko ndiko kutawakali.

Sasa sifungi macho. Mwaka jana nilimpeleka mama Pemba. Tulipokaa tu, nikasimama, nikatafuta majaketi yapo wapi, nikatizama mlango wa karibu upo upande gani na mwingine upo wapi kama ule utaziba. Kisha nikamchukulia mama jaketi moja, nikampitishia kichwani, nikamwonyesha mkanda unavyozunguka mgongoni na kubana mbele. Mama alitizama watu. "Watasema tunaombea mabaya," akaninong'oneza. Nikamwambia, "Mama, funga mwenyewe nione." Vidole vyake vya baridi yabisi vilihangaika na kile kibano, mara ya kwanza kikateleza, mara ya pili kikateleza, mara ya tatu kikasema ta. Akacheka. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma, amejitanda kanga, akaninyooshea mkono. "Na mimi nionyeshe, mwanangu." Tulipotoka nje ya mkondo wa Nungwi, pale ambapo boti huanza kulala upande na watu huanza kunyamaza, mama alikuwa amelala usingizi.

Nimezipenda sana filamu hizi, na kwa sababu hiyo ilinichukua muda kuona kasoro yake. Zote zinapigwa kwa ruhusa ya wenye meli. Kontena la nyama likichelewa, hufika dakika ya mwisho. Mpishi akikimbia kwenye ule ujia mrefu wa wafanyakazi, ambao kwenye meli nyingi huitwa I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani, muziki unakimbia naye, halafu chakula kinatoka na watu wanapiga makofi. Nilikuwa natizama kukimbia kwake. Sikuwahi kujiuliza anakwenda kulala saa ngapi.

Aliyenifanya nijiulize swali hilo ni msichana mmoja niliyekutana naye bustanini Forodhani, msimu wa kaskazi uliopita. Meli ilikuwa imetia nanga nje na maboti yanaleta abiria. Nilitoka kazini mapema makusudi niende kuitizama, nikakaa kwenye ukuta, nikawa naufuata kwa macho ule mlango wa ubavuni. Pembeni yangu msichana amevaa fulana na ndala, anakula urojo kwa haraka, simu mkononi anatafuta mtandao. Akamwambia muuzaji, "Nitilie na kachori, tafadhali," na lafudhi yake ikanifanya nigeuke.

"Dada, wewe wa wapi?"

"Kilifi. Nafanya kazi meli ile."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikamweleza habari za filamu zangu zote, kipimajoto, azipodi, kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu. Alikuwa na saa moja na nusu ya kuwa nchi kavu, na nusu yake ilishakwisha. Akaniambia anasafisha vyumba kumi na sita, asubuhi na jioni, saa kumi kwa siku, siku saba za wiki, mkataba wa miezi minane. Kwao chumba ni cha wawili, yeye na binti wa Ufilipino, kitanda juu ya kitanda, hakina dirisha, hivyo akiamka hajui kama kumekucha. Hakulalamika. Mshahara ule umemjengea mama yake nyumba ya matofali, na mdogo wake yuko chuo. "Lakini dada," akasema, "filamu zinaonyesha saa moja ya wasiwasi. Haziwezi kuonyesha mwezi wa sita wa mkataba."

Nikamwuliza mwezi wa sita ukoje. Akafikiri, akaramba kijiko. "Unajua tabasamu lako la kazini? Mwezi wa sita unaanza kulala nalo."

Nikamnunulia mikate miwili ya kumimina aende nayo. Aliifunga kwenye mtandio kama mtu anayeficha dhahabu, akakimbilia boti.

Nilipofika nyumbani sikutizama filamu. Nilitafuta sheria inayowahusu, nikaipata: Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika wiki. Niliisoma nikimfikiria yule msichana. Kisha nikamfikiria kijana wangu wa stoo.

Ni kijana wa Fuoni, ana miaka ishirini na mbili, mwepesi, hachagui kazi. Baada ya usiku wa gesi nilipanga zamu za stoo kwa mfano wa meli, nikaziandika kwenye karatasi kubwa nikaibandika ukutani, na niliionea fahari karatasi ile. Kupokea mizigo saa kumi na moja alfajiri. Kuhesabu friza. Kuhesabu tena baada ya chakula cha usiku. Jina lake lilikuwapo mwanzo na mwisho wa siku, karibu kila siku.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta anachomeka kipimajoto kwenye ndoo ya changu, macho mekundu.

"Jana umelala saa ngapi?" nikamwuliza.

Alishtuka. "Sijachelewa, mama. Nilifungua saa kumi na moja kamili."

"Najua hujachelewa. Nauliza kulala."

Akahesabu kwa vidole. Daladala ya mwisho ilichelewa kujaa, alifika nyumbani saa tano, akaoga, akala. Alilala saa tano na nusu. Ameamka saa tisa na nusu ili apate usafiri.

Nilibandua karatasi ukutani. Nikavuta makreti mawili ya soda matupu, nikakaa kwenye moja, nikamwonyesha la pili.

"Kaa," nikamwambia, nikaigeuza karatasi upande mweupe na kumpa kalamu. "Anza kuandika wewe. Siku yako ya kupumzika unaitaka ipi?"